Bosi wa Gerezani na Bosi wa Nagoya

Nikiwa saidia fundi kwenye gereji pale Gerezani, Dar es Salaam, ililetwa Corolla inayochemsha. Bosi akasema rejeta imeziba, ibadilishwe. Mimi nilikuwa nimeshika hozi ya chini: imepoa kabisa, na injini inatokota. Nikathubutu: "Bosi, isije ikawa themostati imeganda, haifungulii maji kwenda kwenye rejeta?" Akanigeukia mbele ya mteja: "Umekuja kufundishwa au kufundisha?"

Rejeta ikabadilishwa. Siku ya tatu gari likarudi likivutwa kwa kamba, na safari hii bosi akashuku pampu ya maji. Nilinyamaza. Aliomba spana namba kumi na mbili, nikampa.

Sasa niko Japani, karibu na Nagoya, kwenye kiwanda cha vipuri. Huku kamba ina kazi nyingine. Ukiona kasoro unaivuta, taa inawaka, na tatizo lisipotatuliwa upesi kazi yote inasimama. Wanaiita andon, jina la taa zao za zamani za karatasi. Mtindo huu ulipata sifa kupitia Toyota, ambao makao yao yako jirani, kwenye mji ulioitwa Koromo mpaka 1959 ulipopewa jina la kampuni. (Hebu fikiria Temeke iitwe Scania.)

Mara ya kwanza kuivuta mkono ulinitetemeka. Kiongozi wa kikundi akaja mbio, nami nikajiandaa kutukanwa. Akanishukuru! Kisha akauliza: kwa nini bolti imekaa upande? Nimeiingiza kwa pupa. Kwa nini pupa? Nimechelewa. Kwa nini? Naifuata mbali. Kwa nini mbali? Hapo nikaliangalia lile boksi la bolti kama naliona leo, nikasema tulisogeze. Tukalisogeza. Naamini jibu alikuwa nalo tangu swali la pili, ila alikaa nalo moyoni mpaka likanitoka mimi.

Wengi nyumbani husema Wajapani wana akili za kuzaliwa. Nabisha. Fundi wa Gerezani anakata gasketi kwenye katoni na gari linafika Mbeya. Huku nikipendekeza hivyo watanipeleka kupimwa. Vichwa tunavyo. Tofauti ni kwamba kwetu saidia fundi akigundua dawa, anaificha mpaka siku atakayofungua gereji yake. Gereji ya bosi inabaki na akili ya mtu mmoja, na mtu huyo amechoka.

Lakini nisimuonee bosi wangu. Kiwanda kikisimama dakika mbili, hasara inabebwa na kampuni. Pale Gerezani, dogo akijaribu wazo lake likaharibu injini, spea inatoka mfukoni mwa bosi, na kodi ya fremu inamsubiri. Naye alilelewa kwa makofi na fundi wake. Ukali wake ulikuwa na hesabu ndani.

Mdogo wangu ana gereji yake sasa, Ilala. Usiku mmoja nilimpigia, kwake ikiwa bado jioni, nikamsimulia habari ya maswali matano, yaani desturi ya huku ya kuuliza "kwa nini" kama mara tano hivi mpaka chanzo kipatikane. Akacheka sana. "Kaka, mteja amekaa kwenye benchi ananikodolea macho, halafu mimi nimuulize dogo kwa nini mara tano?"

Baadaye nikamwandikia: basi anza na moja. Tiki mbili za buluu zipo tangu Jumamosi, jibu sijaliona.