Mpwa Wangu Anasomea Kutema

Ukoo wetu ulimpeleka kijana Ufaransa kusomea maji. Uhandisi wa maji, ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua ya chuo, barua tuliyoizungusha mkono kwa mkono kikaoni Kasulu mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Wafadhili walilipa ada. Nauli ya ndege, koti la baridi na "hela ya kuanzia maisha" tukalipa sisi, na mimi muuza mawese wa Mwanga, Kigoma, ndiye niliyeandikwa juu kabisa kwenye daftari la michango, kwa sababu mjomba huwa haulizwi kama anayo. Sasa nasikia huko Bordeaux maji yamegeuka divai. Sawa, imeshatokea hata Kana, kwenye ile harusi ya Biblia. Lakini Kana angalau waalikwa walikunywa. Huyu wetu anatema.

Tuelewane hapo. Angekuwa anakunywa ningenyamaza. Kijana yuko mbali na kwao, baridi kali, hana shangazi wa kumchungulia, akipata glasi yake Jumamosi nani atamhukumu? Lakini yeye katurushia video ya kuonja divai kwenye grupu la ukoo, kwa bando langu, na nimeiangalia hadi mwisho. Watu wazima wamevaa vizuri, wamezunguka meza yenye kitambaa cheupe. Kila mmoja anainamisha glasi juu ya kitambaa aangalie rangi. Anaizungusha. Anatumbukiza pua yote ndani, anavuta hewa, anafumba macho. Halafu anafyonza kidogo kwa kelele, ile kelele ambayo mimi nilichapwa nayo utotoni mbele ya bakuli la uji, anasukutua shavu la kulia, shavu la kushoto, sisi watazamaji tunaamini sasa anameza. Hapana. Pwaa! Kwenye ndoo. Kuna ndoo kabisa imeandaliwa, imekaa mezani kwa heshima zake, na kila anayepita anaichangia. Ndoo ile ingekuwa hapa Mwanga isingefika jioni.

Mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, aliitazama video hiyo kwa miwani ya kuazima. Akauliza, "Ni chungu?" Nikamwambia hapana mama, tena chupa nyingine ya mililita 750 inanunua mbuzi na chenji inabaki. Akatafakari. Akasema, "Mpigie mwambie ameze. Atakufa njaa huyo mtoto." Dada yangu, mama mzazi, yeye alitaka kujua jambo moja tu, kama padri yumo kwenye grupu. Hayumo. Katekista yumo, na katekista ana bando la mwezi.

Hiyo ni Jumamosi. Jumapili ni matembezi.

Katikati ya mji wa Bordeaux, kando ya mto Garonne, mbele ya majumba ya mawe ya karne ya 18, kuna uwanja wa granaiti ambao tangu mwaka 2006 humwagiwa maji ya kina cha sentimita 2. Kazi ya maji hayo ni moja, kuonyesha majumba yakiwa kichwa chini. Watu wanavua viatu, wanatembea juu yake, wanapiga picha. Mpwa wangu naye kavua viatu, kakunja suruali, kachuchumaa, na chini ya picha kaandika: "Sina la kusema."

Mimi ninalo! Mtoto kazaliwa Katonga. Dirisha la mama yake linatazama ziwa lenye kina cha mita 1,470, duniani kote linazidiwa na Baikal peke yake, na sijawahi kuona hata siku moja amechuchumaa mbele yake akakosa la kusema. Alipotumwa kuchota alikuwa na la kusema sana, tumbo linauma, ndoo imetoboka, njiani kuna mbwa. Sentimita 2! Hapa mlangoni kwa duka langu kina hicho tunakipata kila mvua inaponyesha, na majumba yanaonekana kichwa chini vilevile, likiwemo la mwenye nyumba wangu anayenidai, na hakuna mteja aliyewahi kuvua viatu kwa furaha. Wanavua kwa hasira, tena wananitaja.

Na ndiye huyo mhandisi tunayemsubiri, maana huku tunaishi pembeni mwa ziwa na bado bomba likikohoa asubuhi watu wanakimbia na madumu. Nimemuuliza kwa upole maji yale ya uwanjani yanapandaje na yanashukaje, nikitegemea jibu la kitaalamu. Akanijibu yana mwanga mzuri wakati wa machweo.

Baada ya hapo akaenda kupanda mchanga. Kuna mlima wa mchanga karibu na Arcachon, unaitwa Dune du Pilat, kama mita 100 kwenda juu, Ulaya nzima hakuna wa mchanga unaoufikia. Wanapanda, wanafika kileleni wanahema, wanashuka, viatu vimejaa. Chini wakala chaza wabichi, wazima wazima, kwa limao. Namkumbuka huyu mtoto alivyokuwa anang'oa kichwa cha dagaa, dagaa wa Kigoma, wale ambao Dar wanauziana kwa kunong'onezana, anapanga vichwa pembeni ya sahani eti vinamtazama. Chaza kumbe hawamtazami.

Akapelekwa pia kwenye jumba la maonyesho ya divai, Cité du Vin, lililofunguliwa mwaka 2016. Ukimaliza kuzunguka unapandishwa hadi ghorofa ya nane, unatazama mji, unapewa glasi moja ambayo imo kwenye bei ya tiketi. Nikamuuliza, na hiyo nayo ulitema? Akasema, "Hiyo hapana, Mjomba. Hiyo nilimeza." Nikashusha pumzi. Kumbe akilipia mwenyewe koo linafunguka.

Kisha Saint-Émilion, mji mdogo wa divai karibu na Bordeaux. Picha ya kwanza ilikuwa ya kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, liko chini ya ardhi, mnara wake umechomoza juu. Dada akafurahi hadi akaisambaza kwa akina mama wa jumuiya. Hakujua kuna picha ya pili. Ya pili wako pishini, mapipa ya mwaloni yamelala safu kwa safu, kila pipa lita 225. Mimi kwa kuwa ni mtu wa vipimo nikapiga hesabu palepale, madumu kumi na moja ya lita 20 na ya kuonjeshea wateja inabaki. Biashara ya maana. Tatizo ni wanunuzi wenyewe, wanasukutua tu.

Lakini kinachonimaliza zaidi ni hizo harufu. Siku hizi kila baada ya glasi anatuandikia alichonusa. Nyekundu moja ikaja na orodha: cheri, ngozi, tumbaku, penseli iliyochongwa, udongo baada ya mvua. Nikaisoma taratibu, kitu kimoja kimoja. Cheri sizijui, hizo namwachia. Ngozi ipo kwa fundi viatu jirani yangu, kutwa nzima anainusa na hakuna chuo kilichompa cheti. Tumbaku! Treni yetu inapita Tabora, mkoa mzima unalima tumbaku, angeteremka stesheni akavuta pumzi mbili bure akaendelea na safari. Penseli iliyochongwa ndiyo harufu aliyokuwa anaikimbia darasa la tatu, mpaka mwalimu akafunga safari kuja nyumbani. Na udongo baada ya mvua, jamani, udongo wa Kigoma? Wekundu ule unaoingia kwenye soksi, kwenye pasi ya kusafiria, kwenye kitambaa cha meza? Mzungu apande zabibu miaka na miaka ili mwishowe chupa imnukie barabara ya Mwanga mwezi wa kumi na moja?

Nyeupe ndiyo ilivunja kikao. Aliandika kwamba ile ya zabibu inayoitwa sauvignon blanc ina kaharufu ka mkojo wa paka, na kwamba wataalamu wenyewe husema hivyo, na kwamba si kashfa. Shemeji yangu akauliza kwa maandishi makubwa: KWA HIYO NDIYO MAANA WANATEMA? Hakujibiwa.

Nilipolalamika akanipigia simu kunielimisha. Eti hiyo ni elimu yenye historia. Mwaka 1855, enzi za Napoleon wa Tatu, yalikuwepo maonyesho makubwa Paris, ikaagizwa divai za Bordeaux zipangwe kwa ubora, zile nyekundu za upande wa Médoc zikagawanywa madaraja matano. Na madaraja hayo ndiyo yanayotumika mpaka leo. Nikamwambia ngoja kwanza. Matokeo ya mtihani yametoka 1855 na hayajasahihishwa? Akasema kuna shamba moja tu, Château Mouton Rothschild, lilipandishwa kutoka daraja la pili kwenda la kwanza mwaka 1973. Miaka 118 ya kukata rufaa! Na mimi nilikuwa nadhani wanaonja ili waamue. Kumbe babu zao walishaamua, hawa wanapita kusaini.

Akaongeza kwamba kule zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa tisa hivi. Hapo nilimkata kauli. Dodoma wanavuna mara mbili. Na Dodoma si ugenini, ni kwenye reli hiyohiyo inayoishia mlangoni kwetu, alipita hapo akienda kupanda ndege, na zabibu zikanyanyuliwa mpaka dirishani kwake. Hakununua. Alisema zinachelewesha safari.

Sasa ujumbe wa Jumatatu ndio ulioniweka kitako nikaandika haya. Anakuja likizo. Anakuja na wenzake wa chuo, wazungu, na ameniteua mimi kuwa mwenyeji. Ratiba kaileta imekamilika, Ujiji, meli ya Liemba, Gombe kwa sokwe, na jioni moja "kuonja mawese". Anataka meza, kitambaa cheupe, mawese ya vijiji vinne tofauti kwenye glasi ndogo, yawepo mapya na ya zamani, na mimi nisimame nieleze kila moja limetoka udongo gani. Mke wangu kauliza swali moja tu: kitambaa cheupe na mawese, atafua nani?

Ujiji sina shida, tutakwenda kwa daladala. Watazitazama sanamu za Livingstone na Stanley wanaopeana salamu ya mwaka 1871, watapiga picha na miembe inayosemwa ni vizazi vya ule mwembe wenyewe waliokutana chini yake. Nami nitawaeleza kile kipande ninachokipenda, kwamba Livingstone alifika Ujiji amechoka, anaumwa, akakuta mzigo wake uliokuwa umsubiri pale umeshauzwa. Hapo huwa namhurumia kama mfanyabiashara mwenzangu.

Liemba nitaieleza kwa kifua mbele. Wao wanajivunia chupa iliyolala pishini? Hii imeundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma, vita ilipowazidi Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini na jina jipya. Meli nzima tumeihifadhi chini ya maji miaka minane na ikatoka inafaa. Leka dutigite, yaani acha tujidai! Hiyo nayo wakitaka wainuse.

Gombe ndipo penye kesi. Mimi Gombe sijafika, nasema wazi, na sokwe nao hawajawahi kufika dukani kwangu, tunaheshimiana hivyo. Najua kama wengine wanavyojua, kwamba Jane Goodall alifika mwaka 1960 akawaona wanachokonoa mchwa kwa vijiti, na dunia ikashangaa. Mgeni analipa kiingilio, hilo ni lao. Langu ni boti. Nimeshuka Kibirizi kuulizia. Za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini, Mwamgongo na kuendelea, zina bei ya kibinadamu, ila unakaa juu ya magunia na kuku wa watu. Mwenye boti ya kukodi akaniuliza wageni ni wa aina gani. Nikasema wanafunzi. Akasema wanafunzi wa wapi? Nikasema Ufaransa. Bei ikapanda tukiwa tumesimama palepale, sijawahi kuona kitu kikipanda bila kamba namna ile. Nikamwambia mmoja wao ni Muha kabisa, bibi yake yuko Kasulu. Akasema huyo Muha atalipa nusu, ila kama na yeye anavaa kaptura na kofia ya jua, bei ni ya kofia.

Nikamtumia mpwa wangu hesabu yote, mafuta ya boti, magodoro, kuku, kitambaa cheupe na sabuni ya kukifulia, nikamwambia atume nusu mapema nianze kushika vitu. Tiki mbili zimegeuka bluu palepale. Jibu hakuna. Ila kwenye status yupo, jana usiku kaweka picha mpya ameshika kisu na kibao cha mbao. Sasa wameingia kwenye jibini.