Sehemu ya kwanza ya tamthilia: naangalia mikono ya shangazi

Tamthilia mpya ikianza, pale nyumbani Nkuhungu, Dodoma, siangalii runinga tu. Namwangalia na shangazi. Anakaa mkekani, ungo wa karanga mapajani, anamenya huku macho yako kwenye kioo. Sehemu ya kwanza ikiwa dhaifu, maganda yanalia pa, pa, pa mpaka majina ya waigizaji yanapita. Ikiwa nzuri, kuna mahali mikono inasimama yenyewe.

Tamthilia zetu nyingi zinaipoteza mikono ile mapema mno. Geti linafunguliwa, gari linaingia taratibu, kamera inazunguka juu ya jumba la ghorofa. Halafu ndugu wawili wanakaa kwenye sofa, mmoja anaanza: "Kaka, kama unavyojua, tangu baba afariki miaka mitano iliyopita na mama mdogo achukue kampuni..." Kaka anajua! Alikuwepo msibani. Maelezo yale ni yetu sisi watazamaji, na mtu akishahisi anasomewa taarifa, anashika simu yake. Inaniuma, kwa sababu waigizaji tunao, tena wazuri, na visa tunavyo. Mwandishi anaogopa kwamba tusipojua kila kitu siku ya kwanza tutahama chaneli. Mimi naona tunahama kwa kuwa tumeshajua kila kitu.

Mwaka jana nilimwekea shangazi tamthilia ya Breaking Bad ya Marekani kwenye flashi, nikawa namtafsiria kama wale madijei wa kibanda umiza. Sehemu yake ya kwanza ilirushwa Januari 2008, na wanaoisifia husimulia mwanzo wake: suruali inapepea jangwani, gari linakwenda kasi, dereva kabaki na chupi na barakoa ya gesi usoni. Kweli unashtuka. Lakini shangazi aliendelea kumenya. Mikono ilisimama baadaye, pale Walter White, mwalimu wa kemia aliyefikisha miaka 50, anapotoka shuleni kwenda kwenye kibarua cha kuosha magari. Ameinama anasugua tairi, kumbe gari ni la mwanafunzi wake, na kijana kasimama pale anamkejeli.

"Huyu si mwalimu huyu?" shangazi aliuliza, karanga imebaki katikati ya vidole.

Shangazi alifundisha shule ya msingi wilayani Kongwa miaka mingi. Jioni alikuwa akiuza maandazi, na baadhi ya wateja walikuwa watoto wa darasa lake. Kuanzia pale hakutaka tena nimtafsirie kila neno.

Ugonjwa, dawa za kulevya, bastola, vyote vimo ndani ya sehemu ileile. Ila vinamkuta mtu ambaye tumeshaiona aibu yake kwa karibu, ndiyo maana vinatugusa. Nimwone mtu mmoja kazini kwake, nijue kinachomuuma, kisha kije kitu kimoja kimvuruge. Ukoo mzima nitaufahamu wiki zijazo, haraka ya nini?

Na natamani sana mtu aanzie huku kwetu. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika 1973, serikali ikaja kuhamia kwa kishindo baada ya 2016, na mji ukazidi kusogelea mashamba. Kuna visa vingapi humo ambavyo hatujaviona kwenye runinga?

Anza Hombolo, asubuhi, upepo wetu huu ukivuma bila muziki wowote juu yake. Mama anafunga matawi ya mizabibu kwenye waya, anabishana na mjukuu wake kuhusu bei aliyotaja mnunuzi jana. Kigogo kinaingia, Kiswahili kinarudi, kama tunavyoongea. Mjukuu anajikwaa. Katikati ya mistari miwili ya mizabibu kuna bikoni, ile alama ya wapima viwanja, saruji yake bado mbichi. Mama anakuja, anachuchumaa, anaigusa kwa kidole. Anatazama barabarani, kisha anaokota jembe lake.

Kata hapo.