Akili unde vyuoni: mbona mwanafunzi ndo mshukiwa wa kwanza?

Kila vyuo vikiitisha kongamano la akili unde (AI), mazungumzo yanaanzia kwa utafiti na ufundishaji halafu yanaishia pale pale, tutawanasa vipi wanafunzi. Sisi wa Malindi wenye watoto Kilifi na Mombasa hilo linatuhusu sana.

Malekchara wana hoja, tusiwaonee. Tangu ChatGPT, programu ya akili unde inayomwandikia mtu, itoke Novemba 2022, asaimenti ya wiki inamalizwa kwa dakika mbili, na nyingine inakuja na marejeo ya vitabu ambavyo hakuna mtu aliyewahi kuviandika. Na Kenya hii vijana wamewaandikia insha wanafunzi wa Marekani kwa malipo miaka mingi kabla hiyo programu haijakuweko, kwa hivyo udanganyifu upo.

Lakini ile dawa yenyewe, ditekta, yaani programu ya kukagua kama maandishi ni ya mashine, je? Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walichukua insha 91 za mtihani wa TOEFL, yaani za watu ambao Kiingereza si lugha yao, wakazipitisha kwa ditekta 7, na kwa wastani asilimia 61 zikaambiwa zimeandikwa na mashine. Asilimia 61, na zote ziliandikwa na watu! Za watoto wa darasa la 8 kule Marekani karibu zote zikapita salama. Manake ditekta inaangalia kama maneno yanatabirika, na mwenye msamiati mdogo maneno yake yanatabirika tu. Sasa mfikirie mtoto wa Maweni, nyumbani Kiswahili na Kigiryama, Kiingereza amekutana nacho shule, anaandika sentensi fupi safi vile alivyofunzwa na mwalimu wake, huyo ndo anashikwa. Linaloniuma zaidi, watafiti hao walipoipa ChatGPT zile insha izitie maneno mazito, kiwango kikashuka hadi karibu asilimia 12. Yani aliyeandika mwenyewe anaonekana mwizi, akipeleka kwa mashine imrembeshee anakuwa msafi. OpenAI, wenye ChatGPT, wenyewe walikuwa na ditekta yao, wakaifunga Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi.

Madrasa mwalimu humwambia mtoto soma nikusikie, basi, akibabaika anajulikana hapo hapo. Chuoni pia mtu anaweza kuitwa aulizwe maswali matatu kuhusu alichoandika. Najua darasa la watu 300 hilo ni zito kwa lekchara mmoja, wallahi ni zito, ndo maana ningependa makongamano yazungumzie wasaidizi wa kufundisha na saa za kukutana na wanafunzi kuliko programu gani inunuliwe.

Mpwa wangu alizuiliwa maksi semista nzima kwa sababu ya asilimia iliyotoka kwa ditekta. Hakuitwa, hakuulizwa hata swali moja. Rasimu alizoandika kwa mkono ziko hapa nyumbani mpaka leo, na hakuna aliyeziomba.