Kitabu cha Kwanza au Mkusanyiko wa Hadithi?

Hapa Arusha msomaji wa hadithi za kisayansi hununua anachokikuta. Kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa kando ya barabara unapata juzuu ya nne na ya saba. Ya kwanza haipo. Ndiyo maana nalichukulia kwa uzito suala ambalo rafiki yangu wa Moshi hunibishia kila tukikutana. Ulimwengu wa kubuni uliojengwa kwa miongo kadhaa, uuingie kwa riwaya ya kwanza na kufuata mpangilio, au kwa mkusanyiko wa hadithi zinazohusiana?

Yeye ni mtu wa riwaya. Riwaya, anasema, inakupa muda wa kukaa na mhusika mpaka ukamzoea, wakati mkusanyiko unakurudisha mwanzo kila hadithi: majina mapya, mji mpya, mila mpya. Mfano wake ni Isaac Asimov, aliyeanza kuchapisha jaridani mwaka 1942 hadithi za Foundation, jumuiya ya wanasayansi inayohifadhi maarifa wakati himaya ya nyota inaporomoka. Zilipofanywa kitabu mwaka 1951, aliongeza hadithi mpya mwanzoni ili msomaji apate pa kushika. Hata hivyo miongo inapita katikati, na Salvor Hardin, meya anayewazidi majirani zake akili, ukishampenda tu amekuwa jina la kwenye historia. Jumuiya inabaki, watu wanapita.

Kwa Asimov nakubali. Kwa Ursula K. Le Guin sikubali.

Four Ways to Forgiveness ilitoka mwaka 1995, karibu miaka 30 baada ya riwaya yake ya kwanza katika ulimwengu huohuo. Ni hadithi nne za sayari mbili: Werel, yenye mabwana weusi na watumwa weupe, na Yeowe, koloni lake lililopigania uhuru likaupata. Hadithi ya kwanza haina vita. Ina Yoss, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake penye vinamasi. Bintiye na mjukuu wake wako safarini kwenda sayari watakayoifikia baada ya miaka 80. Jirani yake ni Abberkam, kiongozi wa ukombozi aliyeanguka kwa kashfa. Yoss hampendi hata kidogo. Mzee anashikwa na ugonjwa wa kifua, na hakuna mwingine wa kumuuguza ila yeye.

Msomaji wa Arusha, mji uliolipa jina Azimio la 1967 lenye miiko yake ya uongozi, anahitaji juzuu gani ya utangulizi ndipo amwelewe Abberkam?

Tena hadithi hizi zinafanya kazi ambayo riwaya ya mhusika mmoja ingeiona ngumu. Katika ya tatu, Havzhiva anatoka sayari ya mbali ya Hain na kukuta wanawake wa Yeowe bado wako chini ya wanaume. Ya nne anaisimulia Rakam, aliyezaliwa mtumwa Werel; naye anafika Yeowe akitarajia uhuru, anaishia kulima chini ya amri za wanaume. Havzhiva anatokea tena, sasa kwa macho ya Rakam. Uhuru uleule unapimwa na mgeni, kisha unapimwa na aliyeuota tangu utumwani.

Hoja moja ya rafiki yangu bado inaniuma. Old Music, ofisa wa ubalozi anayepita pembeni katika hadithi hizo, alipata hadithi yake mwenyewe mwaka 1999, katika kitabu kingine, na haikuunganishwa na zile nne hadi chapa ya 2017. Aliyeokota toleo la 1995 hataambiwa. Lakini aliyefuata mpangilio wa riwaya naye hasalimiki, maana Le Guin mwenyewe alikiri kwamba tarehe za ulimwengu wake hazilingani.

Ipo mikusanyiko inayoandikwa kuziba mapengo kwa wanaoujua ulimwengu huo tayari, na hiyo simpi mgeni. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hela, soma kurasa mbili tatu za hadithi ya kwanza palepale barabarani. Ukikutana na mtu mwenye shida yake, chukua. Ukikutana na orodha ya vita vilivyopiganwa katika vitabu vingine, kirudishe chini na uulize kama riwaya ya kwanza ipo.