Sangara Milioni 21 Katika Ndoo Moja

Shindano lenyewe lilikuwa la siku moja tu, Jumamosi, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, lakini maandalizi yake yalituchukua wiki tatu na usiku mmoja, na ninachotaka kusimulia hapa ni huo usiku mmoja.

Hakathoni, kwa wasioifahamu, ni shindano ambalo vikundi vya vijana hujifungia ukumbini na kutengeneza programu ya kompyuta inayofanya kazi kabla muda haujaisha. Hii yetu ilikuwa na sharti kwamba programu iishi katika wingu, yaani iendeshwe na kompyuta za kampuni kubwa ambazo mtu huzikodisha kupitia intaneti na kulipia kadiri anavyozitumia, wakati mwingine kwa hesabu ya sehemu za sekunde.

Tulikuwa watu wanne, na tulijiandaa kama ukoo unaosafiri kwenda msibani. Mwenzetu mmoja alipewa jukumu la kuleta waya wa umeme wenye matundu sita, kwa sababu kila ukumbi tuliowahi kuingia sisi ulikuwa na matundu mawili ukutani na moja kati ya hayo lilikuwa pambo. Wa pili alipewa kutafuta laini za mitandao miwili tofauti, ili bando la huku likikwama tuhamie kule. Wa tatu, ambaye tulimwita Katibu kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na daftari, alishughulikia fulana, na fulana hizo zilitugharimu mikutano miwili kwa sababu ya ugomvi wa rangi, kisha mkutano wa tatu baada ya kugundulika kwamba Katibu alikuwa amechapisha namba yake ya simu mgongoni mwa fulana zote nne bila kumshauri mtu. Mimi nilipewa wingu.

Programu yetu ilikusudiwa kwa wauzaji wa soko la samaki la Mwaloni, pale Kirumba, jijini Mwanza. Muuzaji angepiga picha ya mzigo wake, angeandika bei, na mnunuzi aliye Shinyanga au Dodoma angeuona kabla ya kupanda basi. Kwa kuwa picha za simu za siku hizi ni nzito, nilitengeneza kijiprogramu kinachoamka chenyewe kila picha inapoingia ghalani, kikatoa nakala mbili, moja ya nusu ya ukubwa na nyingine ya robo, kikaziweka ghalani, kisha kikalala. Ghala hilo la wingu wenye fani yao huliita ndoo, na jina hilo lilinifurahisha kupita kiasi, maana Mwaloni nako dagaa huuzwa kwa ndoo. Nilijiona nimefika nyumbani.

Kasoro ilikuwa moja. Kampuni za wingu hudai kadi ya benki siku ya kujiandikisha, na kati yetu wanne hapakuwa na mwenye kadi inayokubalika. Nikamwendea shangazi yangu, ambaye amekausha na kuuza dagaa hapo Mwaloni tangu kabla sijazaliwa, na ambaye ana kadi kwa sababu wateja wake wa mbali humlipa kupitia benki. Nilimhakikishia kwamba waandaaji wa shindano wametupatia salio la dola 100, kwa hiyo hakuna hata senti moja itakayotoka kwake. Kampuni ilipoijaribu kadi kwa kuzuia dola 1 na kuiachia baadaye, shangazi alipokea ujumbe wa benki, na kwa siku tano mfululizo alinipigia simu kuuliza habari za dola hiyo kana kwamba ni mtoto aliyepotea sokoni.

Alhamisi usiku, yapata saa 5, nikiwa chumbani kwangu Mabatini, nilifanya jaribio la mwisho. Nilichukua picha ya sangara mmoja mkubwa niliyoipiga asubuhi mezani kwa jirani wa shangazi, nikaiingiza katika ndoo. Baada ya sekunde chache zikatokea picha mbili, nusu na robo, safi kabisa. Nikapiga makofi peke yangu, nikafunga kompyuta.

Msomaji makini ameshaliona shimo. Kijiprogramu changu kiliamshwa na picha yoyote inayoingia katika ndoo, na nakala zake nacho kilizirudisha katika ndoo ileile. Kwa hiyo zile nakala mbili zilikiamsha tena, zikazaa nne, nne zikazaa nane, na kwa mwendo huo kizazi cha 20 huvuka picha milioni moja. Dawa yake inafahamika na kila anayejifunza kazi hii wiki ya kwanza: ndoo ya kupokelea iwe moja na ndoo ya kuwekea nakala iwe nyingine. Nilikuwa nimeisoma. Niliona ndoo moja inatosha, na ni rahisi kuikumbuka.

Hata hivyo msiba huo ungeweza kujifia wenyewe. Picha ikipunguzwa nusu tena na tena, ya upana wa nukta 4,000, yaani vitone vidogo vinavyounda picha, haifiki mara ya kumi na mbili bila kuishiwa na nukta. Upana unakuwa sifuri, programu inalalamika, na uzao wote unakatika baada ya picha mia chache ambazo gharama yake haifiki bei ya andazi. Lakini mimi, katika wiki zile tatu, nilikuwa nimeandika mstari mmoja wa tahadhari niliojivunia mbele ya wenzangu, unaosema kwamba ukubwa wa picha usipungue kamwe chini ya nukta moja. Ndio mstari pekee wa tahadhari niliouandika katika kazi yote, na ndio uliowapa sangara wangu uzima wa milele.

Saa 6 usiku Luku ikaisha. Nyumba yetu ina wapangaji watano na mita moja, na zamu ya kununua umeme ilikuwa ya mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye hugandisha barafu za kuuza na hushikilia kwamba jokofu lake halitumii umeme mwingi kuliko redio yangu. Hakununua. Mimi nilifurahi moyoni, nikajiambia kwamba giza limenilazimisha kupumzika, nikalala usingizi mzito huku simu yangu ikiwa na asilimia 4.

Saa 11 alfajiri simu ikalia. Ilikuwa barua pepe inayosema kwamba matumizi yetu yamevuka dola 5, kiwango nilichokiweka mwenyewe ili nijulishwe. Nilikuwa nikiamini kwamba kiwango hicho ni kama kizibo, kwamba matumizi yakifika hapo hufungwa. Si kizibo. Ni tarumbeta tu, tena tarumbeta inayochelewa, kwa sababu hesabu za gharama za wingu hukusanywa kwa saa kadhaa kabla ya kutangazwa. Chini yake palikuwa na barua ya pili kwamba salio la dola 100 limekwisha. Nilipoigusa ili niisome yote, simu ikazimika.

Nakiri nilichofanya baada ya hapo, ingawa mimi ni mtu niliyeyasomea mambo haya. Nilikwenda kwenye kompyuta iliyokuwa imefungwa, katika nyumba isiyo na umeme, nikachomoa chaja ukutani. Nikaona haitoshi, nikatoa na betri, ambayo yenyewe ilikufa mwaka jana. Nikasimama gizani nimeshika betri mkononi kama mtu aliyemnyang'anya mwizi kisu.

Nikamgonga mpangaji wa barafu, akanipa kitochi chake, yaani kile kisimu kidogo chenye tochi, bila kufungua mlango wote. Namba za wenzangu zilikuwa ndani ya simu yangu iliyokufa, na kichwani sikuwa na namba ya binadamu yeyote. Ndipo nilipoikumbuka fulana. Nikaisoma namba ya Katibu mgongoni kwa mwanga wa kitochi hichohicho, nikampigia.

"Kaka, nimezima kila kitu," nilimwambia, "lakini bado inakata."

"Umezima nini?"

"Kompyuta."

Kukawa kimya kidogo. "Ndugu yangu," Katibu akasema kwa upole ambao sikuupenda, "hata ukiitupa hiyo kompyuta katikati ya Ziwa Victoria, ile mitambo ya wingu iliyoko Afrika Kusini haitapata habari."

Alisema kweli. Microsoft walifungua vituo vyao vya Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafuata mwaka 2020 na Google mwaka 2024. Kampuni tuliyoitumia sisi sitaitaja, kwa kuwa haikukosea jambo lolote isipokuwa kunitii. Mitambo ya namna hiyo ina umeme wake na majenereta yake, na haingojei zamu ya mtu kununua Luku. Ili kuizuia ilikuwa lazima niingie katika akaunti, na ili niingie ilihitajika namba ya uthibitisho inayobadilika kila sekunde 30, ambayo hutolewa na simu yangu peke yake. Ulinzi huo niliuweka mimi, nao ulifanya kazi vizuri sana.

Mahali penye umeme na watu saa hizo ni Mwaloni. Nilichukua bodaboda huku nimekumbatia kompyuta na nimevaa fulana yenye namba ya Katibu, tukapita chini ya daraja la waenda kwa miguu la Furahisha, na kulipoanza kupambazuka nilikuwa nimefika. Lilikuwa giza la mwezi, msimu ambao wavuvi wa dagaa hufanya kazi zaidi kwa kuwa taa zao huwavuta samaki vizuri pasipo mbalamwezi, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa ikiingia, ndoo zikipita vichwani, na kila mtu akipiga kelele ya bei. Kibanda cha kuchajia simu kipo hatua kumi kutoka meza ya shangazi. Nilijua hivyo, nikapita kwa nyuma.

Simu iliyokufa haifufuki upesi kwa ajili ya aliye na haraka. Ilichukua dakika kumi na mbili, na mwenye kibanda alinidai shilingi 500 za simu na 1,000 za kompyuta. Namba ya kwanza ya uthibitisho iliisha muda nikiwa naiandika, ya pili niliiandika vibaya, ya tatu ikakubali. Nikaweka kikomo cha kijiprogramu kuwa sifuri, yaani kisiruhusiwe kuamka tena hata mara moja, na hesabu ikasimama.

Ndoo ilikuwa na picha milioni 21 na ushei. Nilifungua chache. Majina yake yalikuwa kama nusu-robo-robo-nusu-robo-nusu-sangara, yakaendelea hivyo hadi mwisho wa kioo, na kila moja ilikuwa nukta moja ya rangi ya kijivu. Sangara aliletwa katika ziwa hili katika miaka ya 1950 na 1960, na alihitaji miongo kadhaa kumaliza aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Wangu alimaliza dola 187 kwa usiku mmoja. Ripoti ilionyesha kwamba yote yalianza saa 20:00, kwa sababu wingu huhesabu saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu, nami niliyekuwa nikihesabu saa 5 usiku nilibaki kwa muda nikidhani kwamba kuna mtu mwingine aliyetangulia kuniibia.

Nilitaka kuifuta ndoo. Mtambo ukanijibu kwamba ndoo haifutwi mpaka iwe tupu.

"Ndoo gani hiyo haifutiki?" ikauliza sauti nyuma yangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ndoo gani?"

Nikamweleza, nikianzia mbali kama mtu anayepeleka posa. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni, kanga imefungwa vizuri.

"Kwa hiyo una samaki."

"Ninao, shangazi."

"Wangapi?"

"Milioni ishirini na moja."

"Wako wapi?"

"Katika wingu."

"Wanaonekana?"

Nikamwonyesha nukta. Akainama, akaiangalia, akaifuta kwa kidole akidhani ni uchafu wa kioo. Ilipokataa kufutika akanyooka. "Na kadi iliyolipia ni ya nani?"

Hapo ndipo nilipoeleza kwamba dola 100 ni salio la waandaaji na dola 87 ni zake. Shangazi hakupiga kelele. Alimgeukia jirani yake, yule mwenye yule sangara, akamwambia kwamba mtoto wa kaka yake amenunua nukta.

Jumamosi tulishindana bila salio. Programu iliendeshwa ndani ya kompyuta yangu mezani, ikitumia waya wenye matundu sita, na jaji alipouliza wingu liko wapi, Katibu alifungua daftari akamsomea maelezo marefu yasiyo na jibu. Hatukushinda, ingawa fulana zetu zilisifiwa. Wiki iliyofuata niliiandikia kampuni barua ya kuungama, nikaeleza ndoo moja, nusu, robo na mstari wa tahadhari, nao wakafuta deni la dola 87 kwa maneno ya adabu. Nikakimbilia Mwaloni kumpasha shangazi habari hiyo njema.

"Kampuni imekusamehe," akasema. "Mimi bado."

Kwa hiyo kila siku kuanzia saa 12 asubuhi huwa nipo pale, nageuza dagaa juani na kuwahesabia wateja ndoo, moja moja, kwa sauti, naye akisikiliza. Ninapoomba ruhusa ya kuondoka huniacha kwanza nisimame kidogo, ndipo huniuliza mbele ya watu wote: "Baba, ile ndoo yako umeifunga?"