Alisukutua tu, hakunywa

Nianze kwa kusahihisha. Ile sauti iliyorekodiwa, inayozunguka kwenye makundi ya simu tangu juzi, ya swahibu yangu anayecheka mpaka anakohoa, ina uongo mara tatu. Mzee mkwe wangu, baba wa mke wangu, hakuoga samadi. Hakuzimia. Na hakuinywa. Alisukutua tu.

Haya, nimeshakiri, chekeni mmalize ndiyo tuendelee.

Habari za ukoka wangu mnazijua, nimewachosha nazo tangu vuli. Mzee alipokuja mara ya mwisho kutoka Pemba alisimama uwani kwangu hapa Fuoni, Unguja, akautazama ule mchanga, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapa ndipo watoto wa mtaa wanapochezea mpira?" Ikaniingia. Nikapanda nyasi za Pemba, zile za majani mapana, ili akija tena ajione yuko kwao. Kaskazi ikaingia, jua likawaka, na nyasi za Pemba zikageuka rangi ya kumbi la nazi.

Ndipo nikaparamia mambo ya springla, vile vya kuzunguka na kunyunyiza maji. Nilinunua nne nikaziunga kwenye bomba la simtanki, nikafungua koki, nikarudi nyuma hatua tano nisirowe. Zikatoa mate. Fundi alipokuja hakucheka, ila alikaa kimya muda mrefu. Akanambia tangi langu liko juu mita 3 tu, na kila mita 10 za kwenda juu ndiyo zinaleta baa 1 ya presha, kwa hiyo mie ninayo 0.3, na springla hizo zinataka kama 2. Ikabidi pampu.

Akaandika karatasi ya vifaa. Mlikuwa na swichi ya kukata umeme ukivuja, kwa sababu pampu inakaa na maji. Hiyo nililipa bila kubisha, mie umeme nauogopa. Chini kabisa pakawa na valvu ya njia moja, ile inayoyapitisha maji kwenda na kuyakataza kurudi. Nikauliza bei. Nikachukua kalamu, nikaikata. Maji nani anayaogopa?

Fundi alipoondoka, ufundi wangu ukaanza. Nilikuwa nimetazama video moja (msiniulize ipi, nimeshaifuta) ya bwana anayemwagilia na kutia mbolea kwa mpigo mmoja. Nikachukua pipa la lita 200, nikachanganya samadi ya kuku na maji, nikaichuja kwa kanga ya mke wangu, nikalipandisha pipa juu ya banda la kuku, kisha nikaliunga kwa tii, kile kiungio cha njia tatu, kwenye bomba linaloingia kwenye pampu. Bomba hilohilo, kwa wale wasiojua ramani ya nyumba yangu, ndilo linalotoka tangini kwenda kwenye mifereji yote, yaani koki za maji ya nyumbani.

Alhamisi mzee akawasili na boti, na furushi lake la karafuu. Jioni nikamweka barazani, swahibu naye akiwepo, nikawasha. Jamani, zilizunguka! Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Harufu akaisikia, akauliza, nikamwambia ni kuku wa jirani.

Jambo nisilolijua: springla nne, kila moja lita 10 kwa dakika, zinalimaliza tangi la lita 1,000 kwa dakika 25. Mara umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, nami nikajisemea imejizima yenyewe, basi kila kitu kimezimika. Koki ya pipa sikuigusa. Tangi tupu, umeme wa kuvuta maji kisimani hakuna, na kitu pekee chenye maji kilichobaki juu kuliko mfereji wa uwani ni lile pipa.

Adhana ya magharibi ikaadhiniwa.

Mzee akaenda mferejini kutia udhu, kiza kimeshaingia. Nikamfuata na tochi ya simu, kwa adabu, nimmulikie. Laiti ningekuwa mkwe mbaya nikabaki barazani! Alikunja mikono ya kanzu taratibu, mkono wa kulia kwanza. Akafungua. Akaosha viganja mara tatu, na maji yalikuwa safi, wallahi, yale yaliyobaki bombani. Mfereji ukakoroma. Ukapiga chafya mbili. Akakinga kiganja, akatia mdomoni, na mimi ndipo nilipoielekeza tochi vizuri.

Chai ya rangi. Iliyokolea.

Alikwisha anza kusukutua. Shavu la kulia likajaa, likahamia la kushoto, halafu yote mawili yakasimama. Akanitazama. Mkwe wangu hajawahi kutema mbele ya mtu, na mtu mwenyewe nilikuwa nimesimama mbele yake, nammulika usoni kama polisi wa kizuizini. Nikataka kusema "Baba, tema," ulimi ukakataa. Mtu anamwambiaje mkwewe hivyo? Basi tukabaki tunatazamana, yeye mashavu yamejaa, mie mdomo wazi. Kwenye ndevu zake nyeupe pakawa na kinyoya. Kidogo, cha hudhurungi. Kumbe ile kanga ilikuwa na tundu.

Na umeme ukarudi. Taa zote. Pampu ikanguruma, na springla ya karibu, kwa yale yaliyosalia bombani, ikageuka ikatupiga sote wawili mgongoni. Hapo ndipo alipotema, na hapo ndipo ile sauti ya swahibu ilipoanza kurekodiwa.

Mengine ni mafupi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii kinyesi cha kuku ni najisi, kwa hiyo mzee aliogeshwa kwa maji ya jirani, kanzu ikafuliwa mara saba na magharibi tukaisali nyumbani, dakika za mwisho. Mke wangu aliongea nami jana, neno moja: "Kanga." Fundi kaja kutia valvu yake na kuitenga mifereji kabisa na bomba la bustani, tangi limeoshwa kwa klorini, pipa nimeligawa. Wewe uliyeniandikia "pole Baba Samadi", nimekuona.

Leo asubuhi mzee kaniita barazani. Nikaenda nimeinama, nikijua ndiyo kikao. Akanisogezea kiti, akasema ana miche ya karafuu kule kwake imedumaa, na ile dawa yangu mie naichanganya vipi.

"Ndoo moja ya samadi, Baba, kwa ndoo tisa za maji."

Akafikiri kidogo, akijilamba midomo.

"Hapana, mwanangu. Ile ilikuwa kali kuliko hivyo."