Nilivyojikuta naibiwa mchumba na mimi mwenyewe

Jamani mimi naitwa Kelvin. Cheti cha kuzaliwa Kelvin, NIDA Kelvin, hata kwenye daftari la madeni la Mangi wa mtaani kwetu nimeandikwa Kelvin. Sasa ukitaka kufunga ndoa kanisani NIDA yako haina kazi, wanataka cheti cha ubatizo kipya kutoka parokia uliyobatizwa, kisizidi miezi sita, basi nikamtuma binamu yangu aliyeko Moshi akanifuatilie. Akanipigia akiwa hapo hapo ofisini, nasikia kabisa katibu anafunua kurasa za lile libuku lao. "Bro, Kelvin hayupo humu. Kuna Polikarpi. Tarehe yako, baba yako, mama yako."

Polikarpi! Mimi Polikarpi niliyekuwa namjua ni Kadinali Pengo tu.

Mama kumuuliza naye hana habari, ikabidi apigiwe bibi. Bibi hata hakushtuka. Anasema mama yako alikuwa uzazi, yuko ndani anakunywa mtori wake, tukakubeba mimi na mama yako wa ubatizo. Padri kuuliza jina, tukasema Kelvin, akasema Kelvin ni kipimo cha joto, mtakatifu wa hivyo hamna. Akafungua kalenda, umezaliwa tarehe 23 Februari, sikukuu ya Polikarpo askofu wa Smirna, shahidi, akaandika maisha yakaendelea. (Huyo Polikarpo mwenyewe walimtia motoni, kwa hiyo joto sikulikwepa.)

"Sasa bibi mbona hukuwahi kusema?"

"Si nakuita Poli tangu unanyonya? Ulidhani nakuita nini?"

Nilidhani ni Kichagga.

Komunyo na kipaimara nilipatia bodingi, huko waliandika jina nililowatajia, ndo maana mambo yalipita kimya kimya. Ila paroko wa kwao mchumba wangu Adelina ni mtu wa kitabu, nikamwomba kwenye tangazo la ndoa aweke hata Kelvin kwenye mabano, akagoma. Na cheti chenyewe kina jina langu na la baba tu, ukoo hakuna.

Jumapili ikafika, misa ya kwanza, sisi tumelala tunasubiri ya pili. Likasomwa: Polikarpi Yosefu anatarajia kufunga ndoa na Adelina, hili ni tangazo la kwanza, mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko. Sasa shangazi yake Adelina ni WAWATA damu (ule umoja wa wanawake Wakatoliki), misa ya kwanza hakosi, na mahari alipokea yeye kwa mikono yake. Hakupiga simu kwa mtu, hakusubiri hata wimbo wa kutokea, akaenda kumsimamia paroko mlangoni mwa sakristia na kitenge chake cha sare: "Baba Paroko, mimi naweka pingamizi! Huyu mtoto ana mchumba, anaitwa Kelvin, tumeshakula mbuzi wake! Huyo Polikarpi katokea wapi?"

Paroko anajaribu kueleza, shangazi haelewi. Tunafika misa ya pili Adelina anavutwa pembeni anaambiwa kwa sauti ya chini, mwanangu, kama yule Kelvin amekukosea sema, lakini kulipa mbuzi za watu hatuwezi. Mimi nimesimama hapo hapo, na shangazi kanishika bega ananipa pole!

Ilibidi bibi apigiwe tena, akawekwa loudspeaker nje ya kanisa, akahojiwa kama shahidi wa mahakamani. Pingamizi likafutwa.

Siku ya ndoa sasa. Padri: "Polikarpi, umekuja hapa kwa hiari yako?" Kimya. Mimi namtazama tu padri, nasubiri huyo jamaa ajibu tuendelee. Msimamizi ananifinya kiuno, sielewi, hadi ikatoka sauti kutoka benchi la pili kanisa zima likasikia:

"We Kelvin! Polikarpi si ndo wewe!"